Nyuki, piritoni na propranolol: kisa cha mama muanika dagaa ambaye adrenalini ilikuwa haimshiki

Wakuu, hiki kisa nakiandika kirefu kwa makusudi. Ndani yake kuna mambo mawili ambayo chuoni tunayasoma kwenye sura tofauti, histamini huku, yaani ile kemikali ambayo mwili unaimwaga kwenye mzio, na adrenalini kule, halafu siku mgonjwa anakuja yote mawili yamekutana kwenye mwili wake na dakika zinahesabika. Nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha, na vituo na maduka sivitaji majina.

Mgonjwa ni mama wa miaka 43, anaanika na kuuza dagaa kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inapotia nanga kando ya ziwa, upande wa Ilemela. Mnaoijua Mwanza mnayajua yale mawe makubwa yanayoshuka mpaka majini, sasa kwenye nyufa za mawe yale nyuki wanapenda sana kukaa. Asubuhi hiyo vijana walikuwa wanavuta mbao za kutengenezea chanja zilizokuwa zimeegemezwa kwenye jiwe, nyuki wakatoka, watu wakatawanyika, yeye akang'atwa mara mbili, shingoni na nyuma ya sikio. Mara mbili tu. Shika hiyo namba.

Ndani ya dakika chache viganja na nyayo zikaanza kumuwasha vibaya sana, midomo ikavimba, tumboni na mapajani yakatoka mabaka yaliyoinuka, tumbo likaanza kukata, akatapika, sauti ikawa inakauka. Shoga yake akamnywesha maziwa, akapelekwa duka la dawa pale barabarani, akapewa vidonge viwili vya piritoni, dawa ya mzio, akaambiwa akae kivulini dawa ifanye kazi. Ikapita kama nusu saa hivi. Mwasho ukapungua kidogo kweli, kila mtu akapumua, lakini yeye akawa anasema kifua kinabana na macho yanaona giza. Alipoinuka ili apande bodaboda waende kituoni, akaanguka. Wakamuinua, wakamweka katikati ya dereva na mwanae, mshikaki, akiwa amekaa wima hivyo njia nzima.

Alivyofika kwetu: presha 70/40, mapigo 62 kwa dakika, anapumua mara 32 kwa dakika, oksijeni 86 bila mashine, kifua kinapiga filimbi pande zote mbili, ngozi ya moto na mabaka mwili mzima, anaitika ukimwita lakini sentensi haimalizi. Nyuma ya sikio mwiba wa nyuki bado upo umeganda kwenye ngozi, nesi akaukwangua kwa ukucha, ingawa kwa muda ule sumu yote ilikuwa imeshaingia zamani kwa sababu ule mfuko wa sumu unajimimina wote ndani ya muda mfupi sana baada ya kung'atwa.

Sasa angalia tena pale kwenye mapigo. Mtu presha yake ni 70/40, anakosa hewa, ameogopa, na moyo unapiga 62? Hapo ndo kisa chote kilipojificha, na ndo maana nataka twende taratibu.

Waliomleta walikuwa na maelezo matatu. Shoga yake alisema ni woga, kazirai. Dereva alisema labda pumu. Mwingine akasema asubuhi alikula samaki aliyelala. Usiyadharau, kila moja lina mantiki yake. Mtu anayezirai kwa woga kweli mapigo yanashuka na presha inashuka, ila anakuwa mweupe wa baridi, jasho jembamba, na ukimlaza anarudi mwenyewe, hatoki mabaka wala kifua hakipigi filimbi. Pumu haishushi presha hivi wala haitoi mabaka. Na hili la samaki ndo la kuvutia zaidi, maana samaki aliyeharibika anaweza kukuletea histamini moja kwa moja kutoka kwenye sahani: wale samaki wa baharini kama jodari na vibua, nyama yao ina histidini nyingi, wakikaa bila barafu bakteria wanaigeuza hiyo histidini kuwa histamini, na ukishachemsha au kukaanga bakteria wanakufa ila histamini inabaki vilevile. Mtu akila anawaka uso, kichwa kinagonga, tumbo linakoroga, mabaka yanatoka. Huyo mara nyingi piritoni peke yake inamtosha. Nitaeleza kwa nini yule inamtosha na huyu mama haikumtosha, tofauti yake ndo somo lenyewe.

Kwanza kwa nini tuliamua ni mzio mkali wa nyuki na sio sumu ya nyuki. Sumu kama sumu, ile ya kuua kwa wingi wake, inahitaji kung'atwa mara mamia kwa mtu mzima. Mara mbili haiwezi. Kilichopo ni kwamba kuna siku za nyuma mwili ulishakutana na sumu hii ukajitengenezea kingamwili za IgE, na mwanae alivyoulizwa akakumbuka kwamba mwaka uliopita mama aling'atwa na nyuki mmoja mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko. Zile IgE zinaenda kukaa juu ya seli za masti, hizi zipo kwa wingi kwenye ngozi, kwenye njia za hewa, kwenye utumbo na kuzunguka mishipa ya damu, na ndani yake kuna vipunje vimejaa histamini iliyoshatengenezwa inasubiri tu. Sumu ikirudi mara ya pili inaunganisha zile IgE, seli inapasua vipunje vyake, na ndani ya dakika histamini imemwagika mwili mzima. Ukitazama viungo vilivyomsumbua huyu mama utaona ni ramani ya mahali seli za masti zinapoishi: ngozi, midomo, kifua, tumbo, mishipa.

Histamini yenyewe haina nguvu bila risepta, yaani vile vipokezi vilivyokaa kwenye ukuta wa seli. Zinajulikana nne, H1 mpaka H4. Kwa kisa hiki kubwa ni H1. Histamini ikigusa H1 kwenye utando wa ndani wa mishipa, seli za utando zinatoa naitriki oksaidi, misuli ya mshipa inalegea, mshipa unatanuka. Wakati huohuo zile seli za utando zinajikunja kidogo zinaachiana nafasi katikati, maji ya damu yanavuja kwenda kwenye nyama, na hapo unapata midomo kuvimba na mabaka. Kwenye misuli ya njia za hewa H1 hiyohiyo inafanya kinyume, inabana, ndo ile filimbi. Kwenye mishipa ya fahamu ya ngozi inawasha. H2 wengi tunaijua kwa asidi ya tumbo, ila ipo pia kwenye mishipa, nayo inatanua, na ipo kwenye moyo, ambako inaukimbiza. H3 ipo zaidi kwenye ubongo, H4 kwenye seli za kinga, hizo tuziache leo.

Watu wanasahau ukubwa wa kuvuja. Kwenye shambulio kali hadi karibu theluthi moja ya ujazo uliomo kwenye mishipa inaweza kutoka ndani ya dakika 10. Yaani mgonjwa hana jeraha, hakuna tone la damu chini, lakini ndani mishipa imetanuka na nusu tupu. Ukimsimamisha au kumkalisha wima mtu wa hivyo, damu kidogo iliyobaki inashuka miguuni, moyo unakosa cha kusukuma. Kuanguka kwake pale kwenye bodaboda hakukuwa bahati mbaya, kulitokana na kusimama. Na ile safari ya mshikaki ingeweza kummaliza. Najua mwaloni hakuna ambulansi ya kusubiri mtu, nawaelewa kabisa wale vijana, walifanya walichoweza na kwa upendo, ila kama kuna bajaji basi alazwe kwenye kiti cha nyuma miguu iwe juu, na kama anakosa hewa sana anyanyuliwe kifua kidogo tu, miguu ibaki imenyooka. Mjamzito alale ubavu wa kushoto.

Sasa piritoni. Hii dawa inakalia kiti cha histamini kwenye H1, kama daladala, histamini ikija inakuta kiti kina mtu inabaki imesimama. Vizuri sana. Lakini huyu mama alipoimeza histamini ilishakaa viti vyote na kazi ilishafanyika. Kidonge kinahitaji kama nusu saa hadi saa nzima kuanza kuonekana. Kikifika kinagusa H1 tu, H2 hakigusi. Na seli za masti hazikumwaga histamini peke yake, zimemwaga pia triptesi, prostaglandini, lukotraini na vitu vingine, kuna baadhi vinabana kifua na kutoboa mishipa kwa nguvu kuliko histamini, na piritoni haina habari navyo. Ndo maana mtu wa samaki aliyeharibika piritoni inamtosha, yeye amemeza histamini tu, lakini huyu amelipukiwa na ghala zima. Na kubwa kuliko yote, kukalia kiti cha histamini hakuurudishi mshipa uliolegea kubana. Piritoni haipandishi presha. Ilimpunguzia mwasho, na ule mwasho kupungua ndo uliwapa watu matumaini ya uongo wakakaa nusu saa kivulini.

Hapohapo niseme jambo kuhusu fenagani maana kulikuwa na sauti kituoni iliyotaka tuanze nayo. Fenagani, yaani prometazini, inafunga H1, sawa, ila dawa hii inafunga pia risepta za alfa za adrenalini kwenye mishipa. Mgonjwa ana presha 70/40 wewe unamchoma mshipani dawa inayolegeza mishipa zaidi. Mimi hili nalichukulia kwa uzito sana, naona vituo vingi mkono wa kwanza unakwenda kwenye fenagani na haidrokotizoni kwa mazoea, mgonjwa analala usingizi wa dawa, tunaona katulia, kumbe anazama. Haidrokotizoni nayo inachukua masaa kufanya chochote. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofungua koo lililovimba.

Dawa ni adrenalini, na sababu yake inaeleweka ukijua risepta. Adrenalini haigombanii kiti na histamini hata kidogo, inapita milango mingine kabisa na kufanya kinyume cha kila kilichofanywa. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist ndo alipendekeza kwamba milango hiyo iko makundi mawili, akaita alfa na beta, mwanzoni watu hawakumjali sana, na leo tunatibu kwa mpangilio huo. Alfa 1 kwenye mishipa: inabana, presha inapanda, na uvimbe wa koo na midomo unapungua kwa sababu damu inayoenda kule imepunguzwa. Beta 1 kwenye moyo: unapiga kwa nguvu na kwa kasi. Beta 2 kwenye njia za hewa: misuli inalegea, kifua kinafunguka. Na beta 2 zipo mpaka kwenye seli za masti zenyewe, adrenalini ikizigusa, kumwagika kunapungua. Dawa moja inabana kinachotakiwa kubanwa na kulegeza kinachotakiwa kulegezwa, kutegemea mlango upi upo kwenye tishu ipi. Kwangu mimi hakuna dawa nyingine kwenye kabati inayokaribia uzuri huo.

Kwa hiyo tulimlaza chini, miguu juu ya begi la oksijeni lililokunjwa, barakoa ya oksijeni, na adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa nje, katikati. Ampuli yetu ni ya mili 1 yenye miligramu 1, kwa hiyo ni nusu ya ampuli, usiichanganye na maji yoyote. Paja, sio bega wala chini ya ngozi, kwa sababu pajani inafika kwenye damu haraka zaidi. Watoto wa miaka 6 hadi 12 ni 0.3, chini ya miaka 6 ni 0.15. Tukatia kanula mbili kubwa, saline (maji ya chumvi ya dripu) inakimbia.

Dakika tano: presha 74/44, mapigo 60. Tukarudia 0.5 paja la pili. Dakika tano tena: presha 80/52, mapigo 58. Tukampa salbutamo kwenye nebulaiza, ikaisha yote, filimbi ileile.

Hapa ndo ukae uwaze. Wagonjwa wengi wanaitika kwa dozi moja au mbili. Huyu amepata miligramu nzima, presha imepanda kidogo tu, na moyo badala ya kukimbia unazidi kupungua. Na salbutamo, ambayo kazi yake yote ni kugonga beta 2, imegonga na hakuna aliyefungua. Ukipanga hivyo picha inajitokeza yenyewe: upande wa alfa kuna kitu kinaitika kidogo, upande wa beta kimya. Beta 1 kimya, beta 2 kimya. Kweli wapo wagonjwa wa nyuki ambao mapigo yanashuka hata bila dawa yoyote, ni mwitikio wa moyo ukiwa umekauka damu, lakini huo hauelezi kwa nini salbutamo imeshindwa.

Nikamuuliza mwanae, "Mama anatumia dawa gani nyumbani?" Akasema hatumii. Nikamuuliza tena, "Kidonge chochote, hata cha zamani, hata cha mambo mengine." Akasema, "Labda vile vya shingo dokta, ana goita, anahudhuria kliniki." Nikamuomba anionyeshe. Kwenye mkoba wa mama, pamoja na daftari la madeni ya dagaa, kulikuwa na mfuko mdogo wa nailoni wenye kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi, na propranolol miligramu 40, imeandikwa 1x3.

Mama ana tezi ya shingo inayozalisha homoni kupita kiasi, na propranolol alipewa kihalali kabisa kumtuliza moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka mpaka kabimazoli ishike. Ni dawa sahihi kwa tatizo lile. Lakini propranolol inafunga beta 1 na beta 2 zote mbili, haichagui. Kwa hiyo adrenalini tuliyomchoma ilikuta milango miwili kati ya mitatu imekaliwa, ikabaki alfa peke yake. Alfa ikabana mishipa kiasi, moyo haukuweza kuongeza kasi, kifua hakikufunguka, na ule uwezo wa adrenalini ya mwili wenyewe kuzituliza seli za masti kupitia beta 2 ulikuwa umezibwa tangu alipomeza kidonge cha asubuhi, kabla hata ya nyuki. Ndo maana watu wanaotumia dawa za aina hii mzio wao unaweza kuwa mkali zaidi na mgumu zaidi kutibu kwa wakati mmoja.

Kuna kitu kwenye historia ambacho kila nikikikumbuka nakiona kimekaa vizuri mno kwa kisa hiki. Propranolol ilitengenezwa na Mskoti James Black, miaka ya 1960. Mtu huyohuyo akahamia kwenye histamini, akatafuta dawa ya kufunga H2 kupunguza asidi ya tumbo, ikatoka simetidini iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1976. Mwaka 1988 akapewa Nobel pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings. Yaani mtu mmoja alifikiria risepta za adrenalini na risepta za histamini kwa akili ileile, kwamba ukijua mlango ulivyo unaweza kutengeneza kitu cha kuuziba, na sisi huku mwaloni tunakutana na matunda ya kazi yake yote mawili ndani ya mfuko wa nailoni na kabati la dawa.

Turudi kwa mama. Beta zikiwa zimefungwa hivi unafanyaje? Kwanza huachi adrenalini. Kuna watu wanaogopa, wanasema si imefungwa, basi haina maana, hapana, propranolol nayo inashindania kiti kilekile kwa hiyo adrenalini ikiongezeka inaweza kuanza kuisukuma, na alfa bado inafanya kazi. Hatukuwa na pampu ya dripu. Tuliweka miligramu 1 ya adrenalini kwenye mili 100 za saline, ikawa na laini yake peke yake, tukaanza na nusu mili kwa kilo kwa saa. Mama ana kilo 60 hivi, kwa hiyo mili 30 kwa saa, na seti yetu ni ya matone 20 kwa mili, maana yake matone 10 kwa dakika. Nesi alikaa kwenye kiti kidogo pembeni ya kitanda, saa ya mkononi ameivua ameiweka juu ya shuka karibu na chumba cha matone, anahesabu kwa midomo bila kutoa sauti, kila baada ya muda anakigeuza kile kigurudumu kwa kidole gumba, kidogo sana, matone yanarudi 10. Mwingine anapima presha kila dakika mbili tatu. Msifanye hivi kama hamna mtu wa kukaa na mgonjwa muda wote, adrenalini ya mshipani bila macho juu yake inaua, na ile ya ampuli isiyopunguzwa usiisukume kabisa mshipani kwa mtu ambaye moyo wake unapiga.

Pili, saline. Mpaka hapo alishapata lita mbili. Tatu, tukatafuta njia zisizopita kwenye beta. Kwa kifua, ipratropia kwenye nebulaiza, hii inazuia risepta za asetilikolini, kemikali ya mishipa ya fahamu inayobana njia za hewa na kupunguza mapigo ya moyo, beta ifungwe isifungwe yenyewe haijali. Kwa moyo uliokuwa unashuka, atropini, nayo ni mlango huohuo wa asetilikolini kwa upande wa moyo. Mapigo yakapanda mpaka 70 na kitu, presha 86/54. Anaongea maneno mawili matatu.

Nne ni glukagoni, na hii hatukuwa nayo. Tunaijua kama dawa ya sukari kushuka, lakini hapa kazi yake ni nyingine. Beta ikiguswa inavyotakiwa, ndani ya seli kinapanda kitu kinaitwa saiklik AMP, hicho ndo kinachoufanya moyo upige kwa nguvu. Glukagoni ina risepta yake mwenyewe kwenye moyo, na ikiigusa inapandisha saiklik AMP ileile bila kupita mlango wa beta. Propranolol imekaa pale mlangoni, glukagoni imeingilia uani. Dozi kwa mtu mzima ni miligramu 1 hadi 5 mshipani taratibu kwa dakika tano, kisha dripu ya mikrogramu 5 hadi 15 kwa dakika.

Tukapiga simu hospitali ya rufaa, nikawaambia wazi tangu sentensi ya kwanza, mzio mkali wa nyuki, yuko kwenye propranolol, adrenalini haimshiki vizuri, tunahitaji glukagoni iwe tayari mlangoni. Hiyo sentensi ilifupisha mambo mengi. Alisafiri amelala, na nesi wake pembeni anahesabu matone. Kule vichupa vya ule unga mweupe vilikuwa vimeshawekwa mezani na maji yake. Kabla ya kusukuma walimlaza ubavu, kwa sababu glukagoni mara nyingi inatapisha na mgonjwa aliyechoka anaweza kuvuta matapishi. Kweli akatapika. Na ndani ya dakika kumi hivi presha ikawa 104/66, mapigo 84, oksijeni 95, filimbi imebaki kwa mbali chini. Baada ya hapo ndo akapewa sindano ya piritoni na haidrokotizoni, na hapo sina ugomvi nazo, presha imesimama, mabaka na mwasho yatulie.

Usiku huo, masaa kama saba baadaye, mabaka yalirudi na kifua kikabana tena kidogo. Hii ipo, wimbi la pili bila kung'atwa upya. Walimpa adrenalini tena mapema, safari hii dripu ya glukagoni ikiwa bado inaendelea, akaitika kwa dozi moja. Kama angekuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani jioni kwa sababu "amepona", wimbi hilo lingemkuta kitandani kwake. Mtu ambaye presha ilishuka, au aliyehitaji zaidi ya dozi moja, au anayekaa mbali na hospitali, alale wodini.

Alitoka siku ya pili. Kliniki ya tezi wakaangalia vipimo vyake, homoni zilikuwa zinakaribia kukaa sawa kwa kabimazoli, wakaanza kumpunguzia propranolol kidogo kidogo. Kidogo kidogo ni muhimu. Ukiikata ghafla, zile risepta za beta ambazo zimefungwa muda mrefu zinakuwa zimeongezeka idadi, zikifunguliwa kwa mkupuo moyo unakwenda mbio kupita mwanzo, na kwa mwenye tezi ni hatari zaidi. Nasema hivi kwa sababu kisa hiki kikienea najua kuna mama atasoma, ataenda kabatini, atatupa atenolol yake ya presha au propranolol ya kichwa. Usitupe mama yangu. Atenolol inalenga zaidi beta 1, inaacha kifua nafuu, lakini nayo inaweza kuleta shida hii kwa upande wa moyo, na dawa hizi zinalinda mioyo ya watu wengi kila siku. Kama umewahi kuvimba mwili au kukosa pumzi kwa nyuki, kwa sindano ya penisilini, kwa karanga, kwa chochote, mwambie anayekuandikia dawa, muulizane kama ipo nyingine inayokufaa. Na jina la dawa yako liwe kwenye kikaratasi ndani ya mkoba, kwa maandishi yanayosomeka, maana mwanao akiulizwa kwa haraka atasema hutumii kitu.

Kwa wenzangu wa vituo vya pembezoni, mapendekezo yangu ni machache. Ampuli ya adrenalini, bomba la mili 1 na dozi kwa umri viwe vimefungwa pamoja na kubandikwa ukutani chumba cha sindano, sio kufungiwa stoo na mwenye funguo kaenda Mwanza mjini. Kila mgonjwa wa mzio ambaye mapigo yake hayaendi mbio aulizwe dawa mara mbili. Na wale wenye maduka ya dawa kandokando ya ziwa, ambako ndo watu wanapoanzia, mtu akija na mabaka peke yake mpe piritoni hakuna shida, lakini akiwa na mabaka na anatapika, au mabaka na sauti imekauka, au mabaka na macho yanaona giza, mlaze chini hapohapo dukani kwenye sakafu na upige simu kituoni waje na adrenalini.